Bibi Fatima wa Samarqand: Aliyeposwa na Wafalme, Akaolewa kwa Kitabu

Bibi Fatima, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Samarqand, mji ulioko katika nchi iitwayo leo Uzbekistan. Aliishi katika karne ya 6 ya Hijra, yaani karne ya 12 ya Miladi. Baba yake, Sheikh Alaud-Din Muhammad bin Ahmad as-Samarqandi, alikuwa miongoni mwa maulamaa wakubwa wa madhehebu ya Imamu Abu Hanifa, naye ndiye mtungaji wa kitabu cha fiqhi kiitwacho Tuhfatul-Fuqahaa.

Sheikh huyu hakumnyima bintiye elimu kwa kuwa ni mwanamke. Alimsomesha mwenyewe, hata Bibi Fatima akakihifadhi kitabu hicho cha baba yake, akafikia daraja ya kutoa fatwa. Watu walipoleta masuala yao, majibu yalitoka katika nyumba ile yakiwa na khati mbili: khati ya baba na khati ya binti.

Mwanamke aliyekusanya elimu na uzuri hakosi kutajwa. Habari zake zikaenea mbali, na wafalme wa nchi za Rum wakaleta posa. Baba yake hakuwakubalia. Bila shaka wako walioshangaa: binti aliyekataliwa wafalme, ataolewa na nani tena?

Swali hilo halijafa. Hata leo, binti akisoma mpaka chuo kikuu, akawa daktari au mwanasheria mwenye mshahara mkubwa, hakosekani shangazi wa kumnong'oneza kwamba amesoma kupita kiasi na wanaume watamwogopa. Wako na wanaomshauri aifiche shahada yake mpaka ndoa ipite. Bibi Fatima hakuficha chochote, wala baba yake hakumtaka afiche.

Katika wanafunzi wa Sheikh alikuwamo Abu Bakr bin Masud, mtu wa mji wa Kasan, ambaye maulamaa humwita al-Kasani. Hakuwa na ufalme. Alichokuwa nacho ni elimu na bidii. Alikishika kitabu cha sheikh wake, akakijengea juu yake kitabu kikubwa zaidi, Badaius-Sanai, ambacho mpaka leo ni nguzo katika vitabu vya Kihanafi. Alipomwonyesha sheikh wake, Sheikh alifurahi mno, akamwoza Bibi Fatima, na kitabu kile kikawa ndiyo mahari. Maulamaa wa zama zile wakawa wakisema juu yake kwamba ameisherehesha Tuhfa ya sheikh wake, kisha akamwoa binti yake.

Inafaa kuzingatia kwamba ndani ya kitabu hichohicho mna mlango wa kafaa, yaani kulingana kwa mume na mke. Al-Kasani ameeleza humo kwamba katika upande wa mali, kinachotazamwa ni mume kuweza mahari na masurufu ya mkewe; si sharti utajiri wake ufikie utajiri wa mke. Basi anayemkimbia mwanamke kwa sababu mshahara wake ni mkubwa, au mzazi anayemrudisha mposaji mwema kwa sababu hiyo, asiseme kwamba amefuata kauli hii.

Baada ya ndoa, fatwa zikawa zinatoka na khati tatu: ya baba, ya binti na ya mume. Ibn al-Adim, mwanahistoria wa Halab aliyekuja katika karne iliyofuata, ametaja kwamba al-Kasani alipoteleza katika fatwa, mkewe alimrudisha kwenye sawa na kumweleza sababu ya kosa, naye mume huirejea kauli ya mkewe. Hakuliona jambo hilo kuwa aibu, na jina lake halikupungua kwalo. Yeye ndiye watu waliyempa lakabu ya Mfalme wa Maulamaa.

Wawili hao walihamia Halab, katika nchi ya Shamu, zama za Sultani Nurud-Din Mahmud. Al-Kasani akafundisha katika Madrasa ya Halawiyya. Bibi Fatima alipotamani kurudi kwao, mume akaazimia kusafiri. Sultani akamsihi abaki. Al-Kasani akaeleza kwamba hawezi kumkhalifu mkewe, naye ni binti wa sheikh wake. Ikabidi Sultani apeleke ombi kwa Bibi Fatima mwenyewe, naye akakubali, wakabaki.

Katika mwezi wa Ramadhani, Bibi Fatima aliuza bangili zake mbili, na kwa thamani yake akawa anawaandalia futari kila usiku mafakihi wa Halawiyya. Ada hiyo ikaendelea baada yake.

Bibi Fatima alitangulia kufa. Al-Kasani hakuacha kulizuru kaburi lake kila usiku wa kuamkia Ijumaa, mpaka naye alipofariki mwaka 587 H. (1191), akazikwa ubavuni pake huko Halab. Waliokwenda kuzuru walilijua mahali pale kwa jina la Kaburi la Mwanamke na Mumewe. Mwanamke ndiye aliyetajwa kwanza, na aliyelala kando yake ni yule Mfalme wa Maulamaa.

Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili, na awajaalie mabinti wa Kiislamu wazazi na waume wa namna hiyo. Amin.