Hassan bin Sabbah wa Alamut: Baina ya Historia na Hekaya

Himdi zote ni za Allaah, na Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na Swahaba zake.

Vijana wetu wengi wamelijua jina la Alamut kutokana na michezo ya kompyuta na filamu. Humo huonyeshwa wauaji wa siri waliovaa kofia za joho, wanaoruka mapaa na kupigana kwa ufundi wa ajabu. Wapo pia wanaodai kufundisha mbinu za mapigano zilizorithiwa kwa watu hao. Ni vyema wazazi wakaijua habari ya mtu aliyeanzisha jambo hili, ili wawaeleze watoto wao yaliyo kweli.

Hassan bin Sabbah alizaliwa Qum, Uajemi, katikati ya karne ya 11 Miladia, katika nyumba ya Kishia wa Ithnaashari. Baba yake alihamia mji wa Rayy, na hapo kijana akasoma. Alikuwa mwepesi wa kufahamu na mpenda hisabati na falsafa. Akiwa Rayy alikutana na walinganiaji wa Ismailia, na baada ya mjadala mrefu na maradhi yaliyomtia hofu ya kufa, akala kiapo cha kuwafuata. Mnamo 1078 alifika Cairo, makao ya makhalifa wa Kifatimi, akakaa kiasi cha miaka mitatu.

Aliporudi Uajemi, nchi ilikuwa mikononi mwa Maseljuki chini ya Sultani Malik Shah. Waziri wake alikuwa Nidham al-Mulk, mwanzilishi wa madrasa za Nidhamiyya, ambazo mojawapo, ya Baghdad, alisomesha Imam al-Ghazali. Hassan hakuwa na jeshi la kupambana na dola hiyo. Alitembea miaka kadhaa akitafuta mahali pa kujikinga, hadi akaichagua Alamut, ngome iliyo juu ya jabali katika milima ya Daylam. Aliwatanguliza watu wake, wakawavuta walinzi mmoja mmoja. Kisha akaingia mwenyewe akijifanya mwalimu wa watoto. Mwaka 483 Hijria (1090) ngome ikawa yake bila ya vita, na inasimuliwa kuwa mwenyewe wa awali alipewa hati ya dinari 3,000 akaondoka.

Usiku wa mwezi 10 Ramadhani mwaka 485 (1092), karibu na Nahawand, kijana aliyevaa kama faqiri wa Kisufi aliisogelea machela ya Nidham al-Mulk kana kwamba ana ombi la kumpa. Akamchoma kisu. Waziri akafa, na muuaji akauawa papo hapo. Tangu hapo hiyo ndiyo ikawa silaha ya Alamut: fidai mmoja na kisu kimoja, mara nyingi hadharani, hata msikitini siku ya Ijumaa. Mawaziri, makadhi na maamiri waliuawa hivyo. Wakubwa wakawa wanavaa deraya chini ya nguo zao.

Hapa ndipo penye jibu la wanaouliza juu ya ufundi wao wa mapigano. Nguvu ya fidai haikuwa katika kupigana. Ilikuwa katika kusubiri, kujigeuza sura, kuaminiwa na anayemkusudia, na kukubali kutorudi. Historia haikutuachia silsila ya walimu wa mapigano kutoka Alamut. Anayedai kuirithi anauza hekaya.

Na hekaya ni nyingi. Marco Polo alisimulia habari ya bustani iliyofanywa mfano wa pepo, na vijana waliolewehswa kwa dawa. Lakini yeye alipita Uajemi baada ya ngome kwisha kuanguka. Hata wanahistoria wa Kisunni waliowachukia watu wa Alamut hawakutaja bangi. Jina la hashishi lilikuwa tusi la mahasimu, na ndilo lililogeuka katika lugha za Ulaya likawa neno la kumwita muuaji. Vilevile kisa cha kuwa Hassan, Nidham al-Mulk na Omar Khayyam walisoma darasa moja hakisimami, kwani waziri alizaliwa mwaka 1018, miongo kadhaa kabla yao.

Hassan aliishi Alamut miaka 34 bila ya kushuka. Inasimuliwa kuwa alikuwa mwingi wa ibada na kusoma, na mkali mno. Mwanawe mmoja alimuua kwa tuhuma ya mauaji, kisha ikadhihirika kuwa hakuwa na hatia. Mwengine alimuua kwa kunywa pombe. Alifariki mwaka 518 (1124). Mwaka 654 (1256) Hulagu na Wamongoli waliichukua Alamut, na mwanahistoria Juwayni akaokoa misahafu na baadhi ya vitabu kabla ya maktaba kuchomwa moto.

Wanavyuoni wa Kisunni waliijibu itikadi ile kwa hoja, na al-Ghazali aliandika kitabu kuipinga. Ama damu, haikuzaa ila damu. Baada ya mauaji hayo, watu wengi waliuawa mijini, Isfahan ikiwemo, kwa kushukiwa tu kuwa ni wafuasi wa Hassan, na wengi wao hawakumgusa mtu. Mwenye elimu na subira kama ile alichagua kisu, na gharama wakailipa wasiokuwa na kosa.

Ndugu Waislamu, Makhoja Ismailia tunaoishi nao Unguja na pwani tangu karne ya 19 ni katika jamaa hiyo kwa nasaba ya madhehebu. Tofauti yetu nao katika itikadi iko wazi. Lakini Qur-aan imetufundisha kuwa mtu habebi mzigo wa mwengine, na kwamba habari ithibitishwe kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Mtoto atakapouliza juu ya mchezo wake, aambiwe kuwa kuua nafsi kwa hila si ushujaa, na kwamba kuwasingizia majirani mambo ya miaka 900 iliyopita nako ni dhulma.

Na Allaah Anajua zaidi.