Josephine Baker, Mganga wa Watoto Wachanga

Sara Josephine Baker alizaliwa mwaka wa 1873 huko Marekani, katika mji wa Poughkeepsie, kando ya mto Hudson. (Yuko mwimbaji mwenye jina la Josephine Baker aliyejulikana sana Ufaransa, huyo ni mtu mwingine.) Baba yake alikuwa mwanasheria, na nyumbani kwao hawakukosa kitu. Lakini Josephine alipokuwa na umri wa miaka 16, homa ya matumbo iliingia katika nyumba yao. Ilimwua ndugu yake mwanamume, tena ikamwua baba yake. Ugonjwa huo huletwa na maji machafu na chakula kichafu.

Fedha zikapungua. Josephine akamwambia mama yake kwamba anataka kujifunza uganga. Jamaa wakashangaa, kwa maana siku zile wanawake waganga walikuwa wachache sana. Mama yake naye aliogopa, lakini mwisho akakubali. Mwaka wa 1898 Josephine alimaliza masomo yake katika chuo cha uganga cha wanawake mjini New York.

Mwanzoni wagonjwa hawakuja. Mwaka wa kwanza alipata dola 185 tu, nazo hazikutosha kulipia nyumba na chakula. Basi mwaka wa 1901 alifanya mtihani wa idara ya afya ya mji, akashinda, akapewa kazi ya kukagua afya ya watu.

New York ulikuwa mji mkubwa mno. Watu wengi walifika huko kwa meli kutoka Italia, Urusi na nchi nyingine, wakakaa katika nyumba ndefu za ghorofa, jamaa nzima katika chumba kimoja au viwili. Vyumba vingine havikuwa hata na dirisha. Majira ya joto yalipofika, watoto wachanga walikufa wengi sana. Kwa sababu gani? Maziwa yalitoka mbali, yakauzwa katika vyombo vilivyo wazi, yakaharibika kwa joto. Mtoto aliyeyanywa aliharisha, akakauka kama jani, akafa baada ya siku chache.

Josephine alipanda ngazi za nyumba hizo kutwa nzima, akiwatafuta watoto wagonjwa. Aliona jambo la kusikitisha kuliko ugonjwa wenyewe: mama wengi walikwisha kuzoea. Waliona kwamba mtoto kufa wakati wa joto ni desturi ya dunia, kama mvua kunyesha wakati wa masika. Tena aliona kwamba yeye mwenyewe hufika kila mara akiwa amechelewa. Mtoto aliyeharisha siku tatu mara nyingi hakuwa na nguvu tena ya kupona. Yafaa kumwendea angali mzima. Lakini nani alipata kusikia mganga akienda kwa mtoto asiyeumwa?

Mwaka wa 1908, wakati wa joto, wakubwa wake walimpa ruhusa ya kujaribu. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo wauguzi 30 wa shule hawakuwa na kazi. Josephine alichagua mtaa mmoja maskini. Kila siku alipata majina ya watoto waliozaliwa humo, na mara moja mwuguzi alitumwa nyumbani kwa mama. Hakupeleka dawa. Alimfundisha mama kumnyonyesha mtoto kwa maziwa yake mwenyewe, kumwosha kila siku, kumvika nguo nyepesi, kufungua dirisha, na kumtoa nje apate hewa. Ndiyo yote. Joto lilipokwisha wakahesabu: katika mtaa ule walikufa watoto 1,200 pungufu kuliko majira ya joto ya mwaka uliotangulia.

Mwaka ule ule mji ulianzisha ofisi ya afya ya watoto, nayo ilikuwa ya kwanza duniani kulipiwa kwa kodi ya watu wote. Josephine akawekwa kuwa mkubwa wake. Waganga 6 wanaume waliopaswa kufanya kazi chini yake wakataka kuacha kazi, kwa sababu mkubwa wao ni mwanamke. Josephine akawaomba wajaribu mwezi mmoja. Mwezi ukapita, wakabaki.

Kazi ilikuwa nyingi. Wakunga walitakiwa kupata ruhusa kwa maandishi, nao wakafundishwa usafi. Maziwa safi yaliuzwa kwa bei ndogo katika vituo ambamo mama waliwaleta watoto kupimwa. Halafu yalikuwapo mambo ya macho. Watoto wengine walipofuka kwa ugonjwa uliowashika wakati wa kuzaliwa. Dawa ilikuwapo, tone moja katika kila jicho, lakini ilikaa katika chupa mpaka ikachafuka, au ikawa kali mno na kuunguza macho. Josephine akaagiza itiwe katika vidonge vidogo vya nta ya nyuki, kila kimoja kipimo cha mtoto mmoja. Kwanza walipofuka watoto 300 kila mwaka. Baada ya miaka miwili wakawa 3 tu.

Wako pia watoto waliotupwa na wazazi wao. Walilazwa katika hospitali nzuri, vitanda safi, chakula kizuri, lakini walikufa. Josephine akaamuru wapelekwe kwa mama maskini wa mitaani, walipwe kidogo kwa kuwalea. Huko, katika vyumba vyenye moshi na kelele, wengi zaidi waliishi. Walikuwa wamekosa mtu wa kuwabeba.

Mama wengi walikwenda kazini, na mtoto alibaki mgongoni mwa dada yake. Kwa ajili ya wasichana hao, wenye miaka 12 na zaidi, Josephine alianzisha vyama vya Mama Wadogo. (Si mama mdogo kama tunavyomwita ndugu ya mama, hao walikuwa dada wenyewe.) Walijifunza kumlisha mtoto na kumwosha, wakarudi nyumbani kumfundisha mama.

Siku moja waganga zaidi ya 30 wa mtaa wa Brooklyn walimwandikia mkubwa wa mji. Walitaka ofisi ile ifungwe, kwa maana watoto hawaugui tena na wao hawapati fedha. Josephine alisoma barua hiyo, akafurahi sana.

Chuo kikuu kimoja kilimwomba afundishe. Naye akaomba kuingia kama mwanafunzi pia. Wakakataa, kwa kuwa hawakupokea wanawake. Naye akakataa kuwafundisha. Wakatafuta mwalimu mwingine, wasimpate, wakakubali. Mwaka wa 1917 alipata shahada yake ya udaktari wa afya ya watu.

Aliacha kazi mwaka wa 1923. Wakati huo, katika miji yote mikubwa ya Marekani, New York ndio uliokuwa na vifo vichache vya watoto wachanga. Alikufa tarehe 22 Februari 1945, akiwa na umri wa miaka 71. Yeye mwenyewe hakuzaa mtoto.