Daktari Paul Ehrlich na Risasi Yake

Paul Ehrlich alizaliwa tarehe 14 Machi, 1854, katika mji wa Strehlen, ambao siku hizo ulikuwa wa Wajerumani na leo umo katika nchi ya Poland. Wazazi wake walikuwa Wayahudi. Binamu yake, Karl Weigert, alikuwa daktari, naye ndiye aliyemfundisha kutia rangi vipande vidogo vya mwili ili vionekane vizuri katika hadubini. Tangu hapo kijana huyu hakuziacha rangi tena, na alipopata udaktari mwaka 1878, hata insha yake ilihusu rangi.

Sisi tuliokwisha kutia rangi seli za kitunguu katika maabara twajua kwamba rangi hushika zaidi mahali fulani. Wengi wetu huchora mchoro, tukapata alama zetu, basi. Ehrlich yeye alijiuliza kama rangi yaweza kuchagua pa kushika, kwa nini dawa isichague vijidudu na kuuacha mwili salama. Dawa ya namna hiyo aliifananisha na risasi ya ajabu isiyompiga ila adui.

Mwaka 1882 alitengeneza njia bora ya kutia rangi vijidudu vya kifua kikuu, ambavyo Robert Koch alikuwa amevigundua. Kisha maradhi hayo yakampata yeye mwenyewe, akaenda Misri mwaka 1888 kutafuta hewa kavu. Alirudi mzima.

Akaanza kuwalisha panya sumu ya mbegu za mbarika, kidogo kidogo, akiongeza. Panya wakaizoea hata wakastahimili kipimo cha kuwaua wenzao wengi. Lakini walipopewa sumu ya zile mbegu nyekundu zenye doa jeusi, ambazo watoto hutunga kama shanga, walikufa kama panya wengine. Hapo ikajulikana kwamba kila sumu ina kinga yake mbali. Kwa maarifa hayo Ehrlich aliweza kupima nguvu ya dawa ya dondakoo iliyotolewa katika damu ya farasi, na watoto wengi wakapona. Mwaka 1908 alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Ilya Metchnikoff.

Lakini risasi ilikuwa bado. Wakati huo Koch alikuwa amekwisha kwenda visiwa vya Sese, katika Ziwa Viktoria, kuwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa yenye aseniki. Wengine walipofuka macho. Ehrlich na wenzake mjini Frankfurt wakaibadili aseniki hiyo kwa namna mamia. Namba 606 ilitengenezwa mwaka 1907, ikawekwa kando kuwa haifai. Mwaka 1909 Mjapani Sahachiro Hata akaijaribu tena kwa sungura wenye kaswende, nao wakapona. Kwa maoni yangu sifa ya Hata haitajwi vya kutosha.

Dawa hiyo iliuzwa tangu mwaka 1910 kwa jina la Salvarsan. Iliponya wengi, lakini ilikuwa ngumu kuidunga, na wako walioumia na waliokufa. Ehrlich alitukanwa magazetini, na kesi ikafika mahakamani mwaka 1914. Aliyemshitaki kwa kalamu ndiye aliyefungwa. Mzee alikuwa amechoka. Alifariki tarehe 20 Agosti, 1915.

Miaka 60 baadaye, huko Cambridge, Georges Köhler na César Milstein waliunganisha seli ya wengu la panya, inayotengeneza kingamwili, na seli ya saratani isiyokoma kuzaana. Uzao wake wote ukatoa kingamwili ya aina moja tu, inayoshika kitu kimoja tu. Siku hizi kingamwili hizo hutibu saratani kadhaa na baridi yabisi, na hata kipimo cha mimba cha duka la dawa huzitumia.

Hata hivyo risasi hizi nazo hukosea. Zile za kwanza zilikuwa za panya, na miili ya wagonjwa ilizipinga. Baadhi ya zile za baridi yabisi huamsha kifua kikuu kilicholala, kwa hiyo mgonjwa hupimwa kwanza. Mwaka 2006, mjini London, vijana sita wenye afya walijaribiwa kingamwili mpya, na katika muda wa saa chache wote wakawa mahututi. Walinusurika, lakini mmoja alipoteza vidole. Tena dawa hizi hutaka kuwekwa katika baridi daima, na bei yake ni kubwa mno, hata wagonjwa wengi wa Afrika husikia habari zake tu.