Rudolf Diesel, Mutu Mwenye Kukataa Moto Upotee Bure



Kila siku mu muji wetu tunataja jina la mutu mumoja pasipo kujua. Shofere wa kamyo yenye kubeba shaba kwenda Kasumbalesa anasema gari yake iko diezeli. Mama mwenye mulini ya mahindi anasema mulini yake iko diezeli. Umeme ukikatika na mashini ya nuru ikianza kulia nyuma ya duka, ile nayo ni diezeli. Wengi wanazani ni jina la mafuta, kama vile mazutu. Hapana. Diesel alikuwa mutu: alisoma kwa shida, alioa, alizaa watoto watatu, akakufa kifo chenye mpaka leo hakijulikani vizuri.

Mu gazeti hii tumeona vema kueleza maisha yake, juu shule yetu imepokea kamyonete mpya yenye nguvu nyingi, na kila mutu anauliza namna gani itakunywa mazutu kidogo. Tuanze na mutu mwenyewe, halafu tutafika ku gari.

Rudolf Diesel alizaliwa Paris, tarehe 18 Machi 1858. Wazazi wake walikuwa watu wa Bavaria, inchi ya Wajerumani. Baba alikuwa fundi wa kushona vitabu na kutengeneza vitu vya ngozi. Hawakuwa matajiri. Mwaka 1870 vita ikatokea kati ya Ufaransa na Wajerumani, na Wajerumani wenye kukaa Paris wakaanza kuonekana kama maadui. Jamaa yote ikakimbilia London. Rudolf alikuwa na miaka 12. Kwa sababu feza ilikuwa kidogo, wazazi wakamutuma ku muji wa Augsburg, kwa jamaa yao mumoja mwalimu wa hesabu. Wengi kati yetu wanajua maisha ya namna hii: kukaa kwa wandugu juu ya masomo, mbali na mama.

Mutoto yule hakulalamika. Alipokuwa na miaka 14 aliandikia wazazi barua kuwajulisha kwamba anataka kuwa enjeniere. Mwaka 1873 akamaliza shule akiwa wa kwanza. Wazazi walitaka aanze kazi mara moja kusudi awasaidie, lakini mwaka 1875 akapata musaada wa kulipiwa masomo ku shule kubwa ya ufundi ya München, akaenda.

Kule njo alikutana na mwalimu Carl von Linde, mutu mwenye kujulikana juu ya mashini za kutengeneza barafu. Siku moja Linde akafundisha kwamba mashini ya mvuke, yenye ilikuwa inaendesha treni na viwanda vyote vya wakati ule, inapoteza karibu moto wote. Kati ya sehemu 100 za moto wa makala, sehemu 6 mpaka 10 tu njo zinakuwa kazi. Zingine zote zinaenda bure. Ni kama mama anaweka makala kumi ku mbabula, tisa zinapasha hewa ya lupango, moja tu njo inaivisha bukari. Wanafunzi wengine waliandika, wakafunga daftari. Diesel hakuweza kusahau. Tangu siku ile akawa na swali moja mu kichwa: namna gani moto mwingi ugeuke kazi?

Mwaka 1879 homa ya matumbo ilimushika, hakuweza kufanya mitihani pamoja na wenzake. Akaenda kufanya kazi kwa mikono mu kiwanda cha Sulzer, ku Winterthur, Uswisi. Mu Januari 1880 akarudi, akafanya mitihani, akashinda kwa sifa kubwa. Halafu Linde akamupa kazi mu kiwanda cha barafu kule Paris. Mwaka 1883 alioa Martha Flasche. Muchana alikuwa anafanya kazi ya baridi, usiku alikuwa anafikiri juu ya moto. Mwaka 1890 wakahamia Berlin.

Sasa tueleze fikira yake, juu ni nyepesi kuliko watu wanavyozani. Mwenye kupiga pompi ya kinga anajua: ukisukuma hewa kwa nguvu, chini ya pompi kunakuwa moto. Hewa ikikazwa inapata joto. Diesel akasema mu roho yake: tukaze hewa peke yake, tuikaze sana mpaka ipate joto kali, ndipo tupulize mafuta kidogo ndani. Mafuta yatawaka yenyewe. Hakuna haja ya buji kama vile ku moteri ya esanse. Na kama hewa imekazwa sana mbele ya kuwaka, moto unafanya kazi kubwa zaidi wakati wa kupanuka, kidogo tu njo unatoka ku bomba ya moshi.

Tarehe 28 Februari 1892 aliomba hati ya kulinda fikira yake. Wakamupa tarehe 23 Februari 1893. Kiwanda cha mashini cha Augsburg, chenye kuongozwa na Heinrich von Buz, pamoja na kampuni ya Krupp, wakakubali kulipa garama ya kujaribu. Tarehe 10 Agosti 1893 wakatia mafuta mara ya kwanza. Mafuta yaliwaka kweli, lakini chombo cha kupimia nguvu kikapasuka, vipande vikaruka, ilibaki kidogo wakufe. Tarehe 17 Februari 1894 moteri ikazunguka yenyewe, karibu dakika moja tu. Dakika moja, nyuma ya kazi ya miaka! Hata hivyo wakaendelea miaka mitatu ingine, wakibadilisha kitu kimoja kimoja na kuandika kila hesabu.

Tarehe 17 Februari 1897 mwalimu Moritz Schröter wa München akaja kuipima mbele ya watu. Kati ya sehemu 100 za moto, sehemu 26 zilikuwa kazi. Diesel alitumaini zaidi ya ile, lakini hata hivyo ilipita mashini za mvuke za kawaida mara mbili na zaidi. Moteri za kamyo za leo zinapita 40, na zote ni wajukuu wa ile moja.

Feza ikaingia nyingi. Amerika, mwenye kiwanda cha pombe Adolphus Busch alinunua ruhusa kwa marki milioni moja kamili. Diesel akajenga nyumba kubwa sana München. Lakini pamoja na feza kukaja taabu. Wengine walimushitaki wakisema fikira haikuwa yake. Moteri za kwanza zenye kuuzwa zilikuwa zinaharibika. Kichwa kikamuuma sana, akalazwa. Na feza yenyewe aliiweka mu mashamba na mu biashara zenye kuanguka.

Hata hivyo hakuacha kufikiri juu ya watu wadogo. Mwaka 1903 aliandika kitabu kimoja kueleza namna wafanyakazi wangeweza kutoa kila mutu feza kidogo, kama likelemba kubwa, mpaka wapate viwanda vyao wenyewe. Wasomaji walikuwa wachache. Tena mu maonyesho makubwa ya Paris, mwaka 1900, moteri moja ndogo ya diezeli ilizungushwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ilitaka kujua kama inchi za Afrika zinaweza kupata nguvu kwa vitu vya shamba lao. Diesel alisifu ile fikira mpaka mwisho. Mwaka 1937, chuo kikuu cha Bruxelles kilipata hati juu ya kugeuza mafuta ya mawese kuwa chakula cha moteri, wakiangalia mawese ya Kongo yetu. Mwaka 1938 bisi moja ilisafiri nayo kati ya Bruxelles na Louvain. Sisi tunapika na karanga na mawese kila juma. Tufikiri.

Usiku wa tarehe 29 Septemba 1913 Diesel alipanda meli Dresden ku Antwerpen kwenda Uingereza. Alikula na wenzake, akaomba aamshwe saa kumi na mbili na robo ya asubuhi, akaingia mu chumba chake. Asubuhi kitanda kilikuwa hakijalaliwa. Siku kama kumi nyuma yake, mashua moja ya Waholandi ikakuta maiti mu bahari. Vitu vya mu mifuko vikaonyeshwa kwa mutoto wake Eugen, akavitambua. Alikuwa na miaka 55. Madeni yake yalikuwa makubwa. Wengi wanazani alijitupa mwenyewe, wengine wanasema hapana. Sisi hatuna haki ya kumuhukumu. Mungu njo anajua.

Wakati ule muji wetu, wenye kuitwa Elisabethville, ulikuwa na miaka mitatu tu, na treni yenye kufika toka 1910 ilikuwa inakula kuni na makala. Kamyo za kwanza za diezeli zenye kuuzwa zilitoka Ujerumani mu miaka 1923 na 1924. Yeye hakuziona.

Sasa tufike ku kamyonete yetu. Diesel alifanya moteri isipoteze moto, lakini mukono wa shofere unaweza kupoteza yote yenye alipata. Kamyonete ikiwa mpya, kilometa za kwanza ni za rodaje: kitabu cha wenye kuitengeneza kinasema mwendo na muzigo, tukifuate. Moteri yenye kulia wakati gari imesimama inakula mazutu kwa kilometa sifuri. Tukingoja mutu, tuzime. Mwendo ukizidishwa mara mbili, hewa inasukuma gari nyuma kwa nguvu mara nne. Basi kukimbia sana ku barabara ya Likasi ni kuchoma feza. Mipira yenye upepo kidogo inashika chini na kuvuta gari nyuma. Filtre yenye kujaa mavumbi yetu mekundu inanyima moteri pumuzi. Vitu visivyokuwa na kazi visikae ndani, juu kila kilo inalipwa.

Na zaidi ya yote, tupime. Tujaze tanki, tuandike kilometa, tujaze tena. Tuseme gari imeenda Likasi na kurudi, kilometa 240, na imechukua litre 36: ni litre 15 kwa kilometa 100. Juma linalofuata ikichukua 40, kuna kitu kimeharibika ao mukono umebadilika. Bila hesabu ni maneno tu.

Wengine watauliza: ni kazi ya wanafunzi? Ndiyo. Mazutu ya muji wetu inatoka mbali, ku bandari kama Dar es Salaam, na kamyo zenye kuileta zinakunywa mazutu vilevile. Feza ya kuilipa inatoka mu mufuko mumoja na feza ya unga wa wanafunzi wa internati. Litre yenye kupotea ni sahani ya bukari.

Katika Injili ya Luka, Yesu alisema juu ya mutu mwenye kutaka kujenga munara, kwamba aikae kwanza ahesabu garama. Diesel alihesabu moto kupita watu wote wa wakati wake. Hesabu ya nyumba yake haikumalizika. Sisi tufuate ile ya kwanza, na ya pili itufundishe.

Sisi viongozi wa wanafunzi tumeomba daftari moja ikae mu kamyonete, ya kilometa na litre. Kila mwisho wa mwezi tutaandika hesabu yake mu gazeti hii, ikiwa nzuri ao mbaya.

Kiongozi wa wanafunzi, mwaka wa mwisho