Akii-Bua: Bingwa wa viunzi aliyelazimika kukimbia kwao

Jijini Kampala, kwenye kilima cha Nakasero, iko barabara iitwayo Akii-Bua. Magari hupita hapo kutwa kucha, na vijana wengi waipitao hawajui kuwa jina hilo ni la askari polisi ambaye siku moja, kwa muda usiotimia dakika, aliwafanya watu wa Uganda wasahau shida zao zote.

Askari huyo ni marehemu John Akii-Bua. Wapenzi wa michezo wa Afrika Mashariki wa umri mkubwa wanamkumbuka kuwa mtu wa kwanza duniani kukimbia mita 400 za kuruka viunzi chini ya nukta 48, na Mganda wa kwanza kuipatia nchi yake medali ya dhahabu ya Olimpiki. Yaliyompata baada ya ushindi huo hayajulikani sana, na ndiyo yaliyo na mafunzo makubwa zaidi.

Akii-Bua alizaliwa tarehe 3 Desemba 1949 huko Abako, katika nchi ya Walango, kaskazini mwa Uganda. Jamaa yake ilikuwa kubwa hata kwa desturi za siku zile, kwani baba yake alikuwa na wake 8 na watoto 43. Katika nyumba ya namna hiyo mtoto hujifunza mapema kushindania nafasi yake, na pia hujifunza kukaa na watu. Masomo yake hayakufika mbali. Angali kijana alishuka Kampala, akajiandikisha katika jeshi la polisi, na huko ndiko bahati yake ya michezo ilikomngojea.

Lazima tueleze kwamba katika Afrika Mashariki ya miaka hiyo, polisi, jeshi na magereza ndivyo vilivyokuwa vyuo vikuu vya wanariadha. Kipchoge Keino alikuwa askari polisi hapa Kenya, na Naftali Temu alikuwa mwanajeshi. Mtu aliyeajiriwa huko alikuwa na chakula, malazi, viatu, na wakubwa waliotaka kikosi chao kiwashinde wenzao. Akii-Bua alimkuta afisa mmoja wa polisi, Jerom Ochana, ambaye mwenyewe alikuwa bingwa wa kuruka viunzi. Ochana ndiye aliyemfundisha kuinamisha kiwiliwili anaporuka, ili asipoteze muda hewani. Hivyo mwalimu wake wa kwanza alikuwa mwananchi mwenzake aliyevaa sare kama yake, jambo ambalo wageni walioandika habari zake baadaye hawakulitilia mkazo sana.

Mwanzoni Akii-Bua alikuwa mrukaji wa viunzi vya mbio fupi, na hakuchaguliwa kwenda Mexico katika Michezo ya Olimpiki ya 1968. Mwaka huo huo alikuja Uganda mkufunzi kutoka Uingereza, Malcolm Arnold, aliyekuwa bado kijana. Arnold alimtazama mtu yule mrefu mwenye nguvu, akaona kwamba mbio fupi hazimfai. Akamhamisha kwenye mita 400 za viunzi, mbio ambazo wanariadha wenyewe huziogopa.

Msomaji asiyezijua mbio hizi na afikirie hivi. Mkimbiaji anazunguka uwanja mara moja kwa kasi isiyo na mapumziko, na njiani anakuta viunzi 10, kila kimoja kikiwa na urefu unaokaribia mita moja, na baina ya kimoja na kingine pana mita 35. Hana budi kuhesabu hatua zake tangu mwanzo hadi mwisho. Hesabu ikikosewa hatua moja, mguu usiofaa ndio unaofika mbele ya kiunzi, na hapo mtu hupunguza mwendo au huanguka. Na hesabu hiyo yafanywa wakati pumzi zimekwisha na miguu imekuwa mizito kama magogo. Akii-Bua alikuwa na kipawa kimoja ambacho wapinzani wake wengi walikikosa: aliweza kuruka kwa kutanguliza mguu wowote, wa kulia au wa kushoto.

Hata hivyo, kipawa peke yake hakimpeleki mtu popote. Arnold alimpandisha na kumshusha vilima vya Kampala, akamvika fulana yenye vipande vya chuma, akamrukisha viunzi virefu kuliko vile vya mashindano, tena kwa masafa marefu kuliko ya mashindano. Ilipofika 1970 alikwenda Edinburgh kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola akatoka wa nne. Mwaka uliofuata, mjini Durham, Marekani, katika mashindano ya Afrika na Marekani, alikimbia kwa nukta 49.0, na hakuna mtu duniani aliyefikia mwendo huo mwaka ule. Pamoja na hayo, watabiri wa Ulaya na Marekani hawakumtia sana maanani. Walisema hajazoea mashindano makubwa.

Wakati huo mambo ya Uganda yalikuwa yamekwisha geuka. Tarehe 25 Januari 1971 Jenerali Idi Amin alimpindua Rais Milton Obote. Obote alikuwa Mlango, na tangu siku ile kuwa Mlango ndani ya jeshi au polisi kukawa hatari. Askari wengi wa Kilango na wa Kiacholi waliuawa katika makambi. Mnamo Agosti 1972, wiki chache kabla ya Olimpiki, Amin aliwapa Wahindi siku 90 wawe wameondoka nchini. Katika hali kama hiyo ndipo Akii-Bua alipopanda ndege kwenda Munich, akiwa amevaa rangi za nchi ambayo watawala wake walikuwa wakiwaua watu wa kabila lake.

Fainali ilikuwa tarehe 2 Septemba 1972. Kura ilimpa Akii-Bua njia ya kwanza, ile ya ndani kabisa. Hakuna mrukaji wa viunzi aitakaye, kwa sababu kona zake ni kali kuliko nyingine zote, na mtu mrefu mwenye hatua ndefu huona taabu kuzikata. Katika njia nyingine alikuwamo David Hemery wa Uingereza, aliyekuwa bingwa wa Mexico na mwenye rekodi ya dunia ya nukta 48.1, na Ralph Mann wa Marekani.

Hemery aliondoka kwa kasi kubwa, kama mtu aliyekusudia kulimaliza shauri mapema. Akii-Bua alimwacha aende, akashika hesabu yake. Walipoingia kona ya mwisho alianza kumkaribia, na walipotokea kwenye mkondo wa kumalizia alikuwa mbele. Viunzi vya mwisho, ambavyo kwa wengine huwa milima, yeye alivipita kana kwamba mbio ndiyo kwanza zinaanza. Saa ilionyesha nukta 47.82. Mann alikuwa wa pili kwa nukta 48.51, na Hemery wa tatu kwa 48.52. Katika mbio zilizozoea kuamuliwa kwa upana wa kifua, Akii-Bua aliwaacha wenzake kwa mita kadhaa.

Kisha likaja jambo ambalo lilibaki machoni pa watu kuliko hata zile saa. Wenzake walipokuwa wameinama wakitafuta pumzi, Akii-Bua aliendelea kukimbia. Alizunguka uwanja huku akiwapungia watu mkono, akaruka tena viunzi, na vingine ambavyo havikuwapo akaviruka vivyo hivyo, kwa furaha tupu. Wengi wanaihesabu ile kuwa miongoni mwa safari za kwanza za bingwa kuzunguka uwanja kuwashukuru watazamaji, desturi ambayo leo kila mshindi huifuata.

Sisi wa Kenya tulikuwa na yetu ya kushangilia Munich. Keino alipata dhahabu katika mita 3,000 za kuruka viunzi na maji, na vijana wetu wakapata nyingine katika kupokezana vijiti mara mita 400. Lakini furaha ya Kampala ilikuwa ya peke yake. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa, na Akii-Bua alitunzwa kweli kweli. Amin alimpandisha cheo katika polisi, akampa nyumba, na barabara ikaitwa kwa jina lake.

Tuzo hizo, hata hivyo, zilikuwa na mzigo ndani yake. Wiki mbili tu baada ya ushindi wa Munich, tarehe 17 Septemba 1972, wafuasi wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania kujaribu kumng'oa Amin, wakashindwa. Kisasi kilichofuata kiliwaangukia Walango na Waacholi tena. Jamaa za Akii-Bua hawakusalimika. Yeye mwenyewe alibaki hai, na serikali ikawa inamwonyesha kuwa ni ushahidi kwamba Mlango aweza kuishi vyema chini ya Amin. Mtu huyu hakuomba kuwa ushahidi wa jambo lolote. Alitaka kukimbia.

Na alikimbia. Mwaka 1973 alishinda dhahabu katika Michezo ya Afrika mjini Lagos. Macho yote yakaelekea Montreal, 1976, ambako alitazamiwa kukutana na kijana mpya wa Marekani, Edwin Moses. Pambano hilo halikuwa. Nchi nyingi za Afrika, Kenya na Uganda zikiwamo, zilijitoa kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilikuwa imekwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu. Moses alishinda bila yeye na kuivunja rekodi yake. Sababu ya kususia ilikuwa ya haki, lakini ni wanariadha walioilipia gharama yake. Hapa kwetu Henry Rono alivunja rekodi nne za dunia mnamo 1978, naye hakukanyaga uwanja wa Olimpiki hata mara moja.

Mnamo Aprili 1979 majeshi ya Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni waliingia Kampala. Amin akatoroka. Mtu angedhani kwamba kwa Mlango hiyo ilikuwa siku ya sherehe. Kwa Akii-Bua ilikuwa siku ya hofu. Kwa watu wa Amin alikuwa Mlango. Kwa waliokuwa wakiingia alikuwa afisa wa polisi aliyepewa cheo na nyumba na Amin. Mahali pa kusimama hapakuwapo. Alichukua jamaa yake akavuka mpaka kuja Kenya.

Hapa kwetu hakupokewa kama bingwa. Aliwekwa katika kambi ya wakimbizi pamoja na mamia ya wengine, akangoja kama walivyongoja wao. Waliomtoa walikuwa watu wa Ujerumani, wenye kiwanda cha viatu cha Puma, ambao viatu vyao alikuwa amevivaa mashindanoni. Walimpeleka kwao, wakampa kazi. Ndivyo mtu ambaye jina lake liliandikwa kwenye barabara ya mji mkuu alivyokuja kuokolewa na wauza viatu.

Mwaka 1980 alikwenda Moscow kuikimbilia Uganda kwa mara nyingine. Umri ulikuwa umesogea na miaka mizuri imepotea. Aliishia nusu fainali.

Baada ya miaka mitatu au minne ya Ujerumani alirudi nyumbani, akarejea katika polisi na kuanza kazi ya ukufunzi. Sehemu hii ya maisha yake haikupigwa picha nyingi, lakini ni ya kuheshimiwa kuliko zote. Uganda aliyoirudia ilikuwa imechoshwa na vita, na fedha za michezo hazikuwapo. Mwenye medali ya dhahabu angeweza kubaki Ulaya na kuishi kwa jina lake. Yeye alirudi kwenye kazi ile ile aliyofanyiwa na Ochana: askari mwenye ujuzi kumwonyesha kijana asiye nao namna ya kuinama juu ya kiunzi. Mnamo 1996, huko Atlanta, Davis Kamoga alipata medali ya shaba katika mita 400, ya kwanza kwa Uganda katika riadha za Olimpiki tangu Munich, na Akii-Bua alikuwa bado hai kuliona hilo.

Alifariki Kampala tarehe 20 Juni 1997, akiwa na umri wa miaka 47. Mkewe alikuwa ametangulia, naye akaacha watoto 11. Serikali ilimzika kwa heshima zote za taifa.

Dhahabu ya pili ya Olimpiki kwa Uganda ilingojewa miaka 40, mpaka Stephen Kiprotich, aliyefanyia mazoezi yake hapa Kenya, aliposhinda marathoni ya London mwaka 2012. Tangu hapo Joshua Cheptegei na Peruth Chemutai wameongeza nyingine. Na mwaka 2015, Mkenya marehemu Nicholas Bett alipokuwa bingwa wa dunia wa viunzi mjini Beijing, alikimbia kwa nukta 47.79. Kwa viatu vya kisasa na miaka 43 ya maarifa mapya, alimshinda Akii-Bua wa 1972 kwa sehemu tatu tu za mia ya nukta.

Nchi zetu hupenda kuwapa mabingwa majina ya barabara na mazishi makubwa. Akii-Bua alipata vyote viwili. Kilichokosekana kilikuwa baina ya hivyo viwili, nacho ni usalama wa kukaa kwake, na uwanja na vifaa vya kuwafunzia vijana aliorudi kuwafunza. Wako wanariadha wa zamani katika vijiji vyetu leo, wenye ujuzi huo huo, ambao bado wana nguvu za kusimama kando ya uwanja na kuonyesha. Wakulima wa Abako walimpa Uganda kijana mmoja kati ya 43 wa nyumba moja, na afisa mmoja wa polisi aliyejua kufundisha akamwona. Heshima iwafaayo wenzake walio hai ni kupewa vijana wa kufundisha, na mahali pa kuwafundishia.