Jeanne Lanvin: Fundi Aliyeanza kwa Kumvika Mwanawe



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma maisha ya majemadari, wanasayansi na viongozi wa nchi. Mwaka huu naomba radhi, kwani nawaletea habari za fundi cherehani. Ninayo sababu, nayo nitaieleza kabla sijaweka kalamu chini.

Jeanne Lanvin alizaliwa Paris, Ufaransa, tarehe 1 Januari 1867, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto 11. Nyumba yao haikuwa na mali, hivyo alipofikisha umri wa miaka 13 alikwisha kuanza kazi ya kutumwa kupeleka kofia kwa wateja. Husimuliwa kwamba nauli aliyopewa aliiweka akiba, akawa anakimbia kwa miguu nyuma ya gari la abiria lililokokotwa na farasi. Alipotimiza miaka 16 alikuwa akijifunza ufundi wa kofia, na mwaka 1889 akafungua duka lake mwenyewe la kofia za wanawake.

Labda angebaki kuwa mshona kofia maisha yake yote kama asingalijaliwa mtoto. Mwaka 1895 aliolewa na bwana mmoja wa ukoo wa kikabaila kutoka Italia, na mwaka 1897 akamzaa Marguerite, mtoto wake wa pekee. Ndoa ile ilivunjika mwaka 1903. Mapenzi yake mama huyo aliyaelekeza kwa binti yake na kwa kazi, na aghalabu mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja.

Zama zile watoto wa wenye uwezo walivishwa kama watu wazima waliopunguzwa kimo: nguo nzito, za kubana, ambazo mtoto hawezi kuchezea. Jeanne alimshonea mwanawe magauni mepesi, yenye rangi za kupendeza na tarizi ya mkono. Wateja waliofika kununua kofia walimwona mtoto, wakasahau kofia, wakaomba washonewe na wao nguo za namna ile kwa ajili ya watoto wao. Hivyo mwaka 1908 akafungua idara ya nguo za watoto. Mwaka uliofuata akaongeza nguo za wasichana na za mama zao, akaingia katika chama cha mafundi wakubwa wa mitindo wa Paris. Biashara yote hiyo ilianza kwa vipimo vya mtoto mmoja aliyekuwa akikua mbele ya macho ya mama yake.

Jambo la pili lililomlea fundi huyu ni sanaa. Alipenda michoro, akaikusanya. Na kila aliposafiri alirudi na vipande vya vitambaa vya kigeni, akavihifadhi ili ajifunze kwavyo. Rangi ya buluu iliyompa sifa inahusishwa na michoro ya Fra Angelico, mtawa wa Italia wa karne ya 15. Hakuridhika kuomba rangi hiyo kwa wengine. Mwaka 1923 alikuwa na kiwanda chake cha kutia rangi vitambaa huko Nanterre. Nembo ya nyumba yake ilichorwa na Paul Iribe kutokana na picha ya mwaka 1907 iliyowaonyesha mama na binti wakiwa wamevalia kwenda dansini. Mwaka 1927, binti alipotimiza miaka 30, mama alitoa manukato yaitwayo Arpège, jina la kimuziki, maana binti alikuwa mwanamuziki.

Nisiwadanganye kwamba yote yalikuwa asali. Mtoto alikua, akaolewa, akajulikana kama Marie-Blanche de Polignac, na moyo wake ulikuwa katika kuimba na piano zaidi kuliko katika mkasi. Mama aliendelea na kazi hadi alipofariki tarehe 6 Julai 1946, akiwa na miaka 79. Binti aliishika nyumba ile hadi naye alipofariki mwaka 1958. Jina lingali mlangoni, ila wenye mali ni wengine.

Mtu ataniuliza: Paris na Tunduma, wapi na wapi? Ndugu zangu, sote tunaufahamu mji ule wa mpakani, malori yakisubiri kuvuka kwenda Nakonde, marobota ya mitumba na vitenge vikipita mikono kwa mikono. Na katikati ya vumbi lile, barazani, wapo mafundi na cherehani zao. Marehemu mama yangu alikuwa mmoja wao. Ada yangu ilitoka katika cherehani ile ya miguu, na kaptura yangu ya kwanza ya sekondari aliishona usiku, kwa taa ya chemli, akinisimamisha mara tatu anipime.

Nilipofika bwenini, mwenzangu mmoja aliniuliza ilikonunuliwa. Nilijibu kwamba ilinunuliwa dukani, Mbeya mjini. Niliona haya kusema mama yangu ni fundi. Mama hakuujua uongo ule mpaka anafariki, nami sikupata kumwomba radhi. Ndiyo sababu nimeandika habari hizi.

Sasa nalileta kwenu pendekezo. Kamati yetu inakusudia kuwapa sare vijana wa kidato cha kwanza wasio na uwezo, na wapo wanaoshauri tununue mzigo mmoja kutoka mbali, kwa saizi za kukisia. Bei ya jumla ni nafuu, sikatai; nami ni mtumishi wa serikali, najua thamani ya kubana matumizi. Lakini nguo ya kukisia humtangaza aliyepewa. Naomba kazi hiyo tuwape mafundi wa Tunduma, Mlowo na Vwawa, na kila kijana apimwe mwenyewe, mabega na kiuno, kama anavyopimwa mtoto wa mtu.

Tutakapokutana nitalisimamia jambo hili mkutanoni. Na mtakaponiuliza habari za kaptura yangu ya kwanza, safari hii nitasema kweli.