Mwalimu Nyerere na zile mita 400 za maji

Wadau, leo tumkumbuke Mwalimu Nyerere, ila siyo kwa siasa za jukwaani. Tumkumbuke kwa maji. Vijana wengi wa hapa Singida hii stori hawaijui.

Mwalimu alizaliwa Butiama mwaka 1922, mtoto wa Chifu Burito. Shule alianza Mwisenge akiwa na miaka 12, akapita Tabora, Makerere hadi Edinburgh, kisha akarudi kufundisha Pugu. TANU ikazaliwa 1954, uhuru 1961. Maadui aliowatangaza ni watatu: ujinga, umaskini na maradhi. Sasa maradhi utayapigaje bila maji safi?

Mwaka 1965 serikali yake ilibeba gharama zote za kujenga miradi ya maji vijijini. 1971 TANU ikaamua kwamba ndani ya miaka 20 kila mwanakijiji apate maji ndani ya mita 400 kutoka kwake. 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 walikaa vikundi kusikiliza redio, wakitoka hapo wanachimba vyoo.

Kwa mkoa wetu hii ilikuwa ishu kubwa. Maziwa Singidani na Kindai yapo mjini kabisa, lakini maji yake ni ya chumvi. Mvua ni msimu mmoja tu, na visima vingine vina floraidi inayoharibu rangi ya meno.

Ilikwama wapi? Pampu nyingi zilitaka dizeli na spea za kutoka nje. Mafuta yakapanda bei 1973, yakapanda tena 1979, na Vita ya Kagera ikawa imekula hela. Halafu kwa vile maji yalikuwa bure, mali ya serikali, pampu ikifa kijiji kinakaa kumsubiri fundi wa wilaya. Mwalimu aling'atuka urais 1985. Ikafika 1991, lengo halijatimia, na sera ya mwaka huo ikawataka wananchi wachangie.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999. Sera ya maji ya 2002 ilitaja mita zilezile 400, na RUWASA ilipoanza 2019 ikarithi deni hilo.

Mimi naona Mwalimu hakukosea kuahidi. Kilichokosekana ni hesabu ya nani atanunua dizeli na spea mradi ukishazinduliwa. Kwa hiyo kiongozi akija kukata utepe kijijini kwenu, muulizeni hilo kwanza.

Wadau wa Iramba, Manyoni, Ikungi na Mkalama, kutoka kwenu hadi bombani ni mita ngapi?